Jibu: Okidi ya kiatu inayogeuka manjano
Assalaam alaykum, ndugu yangu. Umesema kwamba okidi yako ya kiatu (ile yenye ua lililobonyea kama kiatu), uliyoipanda kwenye udongo wa bustani na kuiweka sebuleni, inageuka manjano ingawa unaimwagilia kila siku. Kabla ya kununua mbolea, itoe chunguni uitazame mizizi: iliyo hai ni migumu, ya kahawia, yenye vinyweleo, iliyooza hubonyea vidoleni na gamba lake huvuka, ukabaki uzi mtupu. Ikate hiyo.

Yangu ya kwanza ilinifia hivyo hivyo, hapa Ng'ambo, Unguja. Ya pili niliipanda kwenye vipande vya makumbi ya nazi, si yale yaliyofukiwa pwani kwa kamba za usumba, maana yana chumvi. Hata yale makavu niliyaroweka siku tatu, nikibadilisha maji kila siku. Naimwagilia asubuhi kwa maji ya mvua, makumbi yanapokaribia kukauka lakini bila kuyaacha yakauke kabisa, kwa kuwa mmea huu hauna kiazi cha kuhifadhi maji, na tone likituama katikati ya majani nalifyonza kwa kitambaa. Iweke kwenye dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Shina la majani lililokwisha kuchanua halichanui tena, ila usilikate, kwani ndilo litakalotoa chipukizi.