Hiyo siki usiiguse kabla hujasoma hapa

Ndugu, subiri. Umesema umeokota kisukuku cha konokono kimenasa kwenye jiwe la chokaa, unataka kujua jina lake, umri wake na kama kina thamani, na kwamba usiku huu unakilaza kwenye siki kitakate ndipo upige picha. Hapo kwenye siki ndipo nilipoacha kusoma.

Gamba ni kalsiamu kaboneti. Chokaa nayo ni kalsiamu kaboneti. Siki haichagui. Tena magamba mengi ya konokono, kama hayajabadilika, ni aragonaiti, na hiyo huyeyuka upesi kuliko kalisaiti ya jiwe; zote mbili ni sura za kalsiamu kaboneti hiyohiyo. Yaani unachokitaka ndicho kinachotangulia kwenda.

Mimi niliwahi kufanya kosa hilohilo. Gamba langu lilikuwa na mbavu nyembamba zilizokatizwa na mistari ya kuzunguka, na ukielekeza mdomo kwenye mwanga unaona mikunjo miwili kwenye nguzo ya katikati. Mikunjo hiyo ingetusogeza karibu kabisa na familia yake. Nikalitumbukiza kwenye siki. Povu likatoka safi, nami nikakaa nalitazama huku najisifu. Asubuhi nikatoa kitu cheupe, laini kama pipi iliyomumunywa: mbavu hakuna, mikunjo hakuna. Mtaalamu akaligeuzageuza, akatamka: "Ni konokono." Shikamoo mzee, hilo nililijua tangu nikiwa nimeinama kuliokota.

Na yule jamaa wa video aliyeniponza! Alikuwa anasafisha magamba yaliyogeuka silika, yale madini magumu ya gumegume. Hayo tindikali kama siki haiyagusi; chokaa inaisha, gamba linabaki limesimama. Kwake ilikuwa sahihi kabisa. Ila kusema neno "silika" kulimshinda, muziki wa kuanzia ndio ulipata nafasi ya kutosha. Lako ukitaka kulijua, kwaruza kwa sindano ya chuma pale palipokwisha kuvunjika: kalisaiti itachubuka, silika haitachubuka.

Picha kwanza, likiwa na uchafu wake wote. Rula pembeni. Mdomo ukuelekee, ncha juu, kisha mgongo, kisha ncha kwa karibu, maana pale ndipo lilipo gamba dogo alilokuwa nalo akiwa mchanga, kama halijavunjika. Chini ya mdomo tazama kama kuna mfereji au pengo. Na hilo tope lililoganda mdomoni usilichokoe! Huenda lina foraminifera, vijidudu vyenye magamba madogo mno, ambavyo mara nyingi husaidia kujua umri wa tabaka la mwamba kuliko konokono mwenyewe.

Angalia pia kama gamba lipo kweli au limeshaondoka likabaki jiwe lililojaa ndani yake. Likiwa jiwe tupu, jina la spishi lisahau, ukipata jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, shukuru. Na andika leo hii ulipoliokota na tabaka lenyewe, kwenye karatasi, siyo kichwani.

Haya, weka picha hapa. Ya mdomo kwanza.