Maswali na majibu: wanawake walioijenga kazi ya ustawi wa jamii

Darasani tunaambiwa Mary Richmond ndiye mama wa kazi hii, lakini nasikia hakusoma chuo kikuu. Ilikuwaje?

Kweli, aliishia sekondari, huko Baltimore, Marekani. Mwaka 1889 aliajiriwa na Charity Organization Society, chama cha misaada cha mji huo, awe mhazini msaidizi. Mbali na hesabu, akawa anatembelea familia zilizoomba msaada. Mwaka 1897, kwenye mkutano wa Toronto, akadai ifunguliwe shule ya kufundisha kazi hii. Mwaka uliofuata New York ikaanzisha kozi ya wiki 6 wakati wa kiangazi. Kozi hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa shule ya ustawi wa jamii ya Chuo Kikuu cha Columbia.

Kitabu chake kikubwa, *Social Diagnosis*, kilitoka 1917. Miaka miwili kabla, Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alikuwa ametangaza hadharani kwamba kazi ya ustawi wa jamii haijafikia kuwa taaluma. Wengi husema Richmond aliandika ili kumjibu. Lakini hotuba hiyo siyo iliyomwanzisha: alikuwa ameanza kukusanya na kuchambua majalada ya wateja miaka mingi kabla ya hotuba ile.

Nikifanya mahojiano ya kwanza, mteja huishia kuomba pesa, nami huishia kuahidi. Nakosea wapi?

Kwenye ahadi. Ukishaahidi, maswali yako yote yanayofuata mteja anayasikia kama masharti ya kupewa, na anajibu kulingana na hayo.

Richmond aliyapa mahojiano haya kazi 4: kumsikiliza mteja kwa haki na kwa subira, kujenga maelewano kati yenu, kupata fununu za watu na mahali pengine pa kuulizia, na kuanza, polepole, kumsaidia ajitegemee. Kutoa uamuzi hakumo.

Kwa hiyo mwache aanze na lile lililomleta, hata kama fomu yako inaanza na tarehe ya kuzaliwa. Usimtilie jibu mdomoni. "Mume wako hakuachii matumizi, sivyo?" itapata "ndiyo" kutoka kwa karibu kila mtu, "Wiki iliyopita chakula kilipatikanaje?" itakupa habari. Uliza majina: nani alimsaidia mara ya mwisho, mtoto anasoma shule gani, ndugu yupi anasikilizwa katika ukoo. Usimalize kwa haraka, maana mara nyingi neno zito hutoka mteja akiwa amekwisha kusimama kuaga. Agana naye kwa kutaja hatua moja inayofuata na siku yake. Kama hakuna cha kula usiku huo, msaada wa dharura utoke, lakini uandikwe kuwa ni wa dharura, usije ukageuka kuwa mpango.

Jirani kaniambia baba wa familia ni mlevi. Niandike kwenye jalada?

Andika, ila si kwa maneno hayo. Richmond alitenganisha ushahidi wa aina 3: unaouona mwenyewe, unaotokana na maneno ya shahidi, na wa mazingira, yaani jambo linaloashiria jingine. Maneno ya shahidi nayo yana daraja: aliyeona kwa macho yake si sawa na aliyesimuliwa.

"Baba ni mlevi" ni hukumu isiyo na mwenyewe. Andika hivi: "Jirani wa chumba cha pili anasema amemwona baba akirudi amelewa mara mbili mwezi huu. Afisa hajamkuta amelewa." Kisha jiulize jirani huyu ana ugomvi gani na nyumba ile. Jalada hukaa miaka. Afisa atakayekurithi hatajua kwamba neno "mlevi" lilitoka kibarazani.

Kosa kubwa kuliko hilo ni kukusanya kila kitu bila kupima. Mwalimu akisema mtoto ni mtoro na mama akisema anakwenda kila siku, usiandike yote mawili ukafunga jalada. Kaangalie daftari la mahudhurio.

Jane Addams na Richmond walipingana?

Walianzia ncha tofauti. Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House, nyumba ya kuhudumia wakazi wa mtaa maskini, mjini Chicago mwaka 1889, wakaishi humo humo kati ya wahamiaji, na wakapigania sheria za kazi na za watoto. Richmond alianza na familia moja moja. Mwanafunzi anayelazimishwa kuchagua mmoja anaonewa.

Mbona wote ni Wamarekani?

Si wote. Alice Salomon, Mjerumani, hakuwa na cheti cha kumwingiza chuo kikuu, lakini alikubaliwa Berlin kwa sababu ya maandishi yake. Mwaka 1906 akapata udaktari kwa utafiti wa malipo yasiyo sawa kati ya wanaume na wanawake. Mwaka 1908 akafungua shule ya wanawake ya kazi hii mjini humo, na 1929 akawa mwenyekiti wa kwanza wa kamati ya kimataifa ya shule za ustawi wa jamii. Kwa kuwa alikuwa na asili ya Kiyahudi, utawala wa Kinazi ulimfukuza nchini mwaka 1937. Alifia New York, 1948.

Nina mtihani. Nguzo 4 za Helen Harris Perlman, mwalimu wa ustawi wa jamii wa Marekani, ni zipi?

Mtu, tatizo, mahali na mchakato, kutoka kitabu chake cha 1957. Alama nyingi hupotea kwenye "mahali": wanafunzi huandika mtaa anakoishi mteja. Perlman alimaanisha ofisi au taasisi ambako mteja amepeleka shida yake, pamoja na uwezo na mipaka ya taasisi hiyo. Mama yule yule, na shida ile ile, atahudumiwa tofauti hospitalini na mahakamani.