Maswali ya Wasomaji: Ngoma Takatifu ya Duara

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Scotland nimeombwa kuongoza ngoma takatifu ya duara katika ukumbi wa mtaa wetu. Je, ni ibada ya dini fulani, na nianze vipi na watu wasiojua kucheza?

JIBU: Haifungamani na dini moja. Ilianzia huko huko uliko, kwani Bernhard Wosien, mwalimu wa baleti kutoka Ujerumani, alipeleka ngoma za asili za Ulaya kwa jumuiya ya kiroho ya Findhorn, hapo Scotland, mwaka 1976, na kutoka hapo zikaenea nchi nyingi. Weka mshumaa au maua katikati, ili macho yapate pa kutua badala ya kukodolea miguu ya jirani. Fundisha hatua kwanza bila muziki, nawe ukiwa ndani ya duara umeshikana mikono na wengine, kwa sababu anayesimama pembeni akihesabu huwageuza wachezaji kuwa askari wa gwaride. Hatua chache zinazorudiwa zinatosha: mwili ukishazizoea, akili hutulia, na hapo ndipo wengi huhisi kwamba wanasali. Anayekosea asisimamishwe, mkono wa jirani utamrudisha. Wenye magoti mabovu (nao hawakosekani) waketi kwenye viti ndani ya duara hilo hilo, wakifuata kwa mikono.