Nani akae na nani tangini? Kwanza yajue maji ya bomba lako

Watu wakinijia kuhusu tangi la samaki wa mapambo suali huwa lile lile, huyu anakaa na huyu? Na mimi kabla sijajibu nawauliza maji wanateka wapi. Wengine huona nawazungusha, lakini wallahi hapo ndo jibu linapoanzia, mana hapa kwetu Unguja tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yanapenya kwenye mawe hayo na kubeba chokaa njia nzima mpaka yakufikie bombani. Tizama ndani ya birika lako la chai, ule weupe ulioganda ndio chokaa yenyewe, na sabuni inavyokuwa nzito kutoa povu sababu ni hiyo hiyo. Maji magumu haya, pH yake, yani kipimo cha tindikali ya maji, iko juu ya 7, maana yake hayana tindikali, na kuna samaki wanayapenda hasa na kuna samaki yanawatesa polepole bila ya mwenyewe kujua.

Neoni tetra na diskasi kwao ni Amazoni, maji laini yenye tindikali, rangi kama chai kwa majani yaliyooza ndani yake. Neoni wa siku hizi wengi wamezalishwa kwenye mashamba ya samaki na wanavumilia zaidi kuliko wale wa mtoni, sikatai, ila mtu anaeanza tangi lake la kwanza hapa Zanzibar mimi simshauri aanze nao. Mshahara wako unautia kwenye kupigana na maji kila wiki wakati kuna samaki yale yale maji ya bomba wanayashukuru.

Hao ni nani? Gapi, moli, plati. Wanazaa wazima wazima, hawatagi, wanapenda maji magumu, wanakaa wote pamoja kwa amani na tangi la lita 60 linawatosha. Moli ndo nampenda zaidi kwa wale wenye visima karibu na pwani vinavyoanza kutoa maji ya chumvi chumvi, yeye hajali kabisa. Angalia jambo moja tu, usichukue idadi sawa ya madume na majike, kila dume mmoja mpe majike wawili au watatu, la sivyo atamfukuza huyo mke mmoja usiku na mchana mpaka amchoshe. Na ukae ukijua kila mwezi hivi utaletewa vitoto, na wazazi wenyewe watakula wengi kama huna majani ya kujifichia.

Ukoo wa pili wa maji yetu ni siklidi wa maziwa makubwa, na hapa ntakaa kidogo mana ndo penzi langu. Jamani samaki ambao watu wa Ujerumani na Marekani wanawalipia hela nyingi wametoka upande wetu wa bara, Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika! Tanganyika pH yake inafika karibu 9, kwa hiyo maji ya Unguja kwao si ya ajabu. Siklidi wa Ziwa Nyasa wanaoitwa mbuna wana rangi ambazo mgeni akiingia sebuleni anakuuliza kama hao ni wa baharini. Lakini mbuna ni mkorofi. Anaishi kwenye miamba, ana pahala pake na hataki mtu apakaribie, na anaemchukia zaidi ni yule anaefanana nae rangi, kwa hiyo unapochagua usichukue madume wawili wa buluu wenye mistari myeusi hata kama ni aina mbili tofauti, chukua wa njano, wa buluu, mwengine rangi ya machungwa. Yule wa njano, Labidochromis caeruleus, ndo mpole wa ukoo mzima, anza na yeye. Yule mbuna mwengine anaeitwa auratus, mwenye mistari, akiwa mdogo anavutia kweli na madukani wanampenda kumuuza, lakini akikua hana mswalie mtume, tangi zima litakuwa lake.

Na mbuna watu huwa hawaamini nikiwaambia, tangi lenye mbuna wachache ndo lenye vita zaidi. Wakiwa watatu wanne mkubwa anampata mmoja wa kumuonea mpaka amuue, wakiwa wengi hajui amfukuze nani. Ila wengi maana yake tangi la futi nne, lita 200 na kwenda juu, mawe mengi yenye mapango, filta yenye nguvu, na pampu ya hewa ya betri pembeni kwa siku umeme ukikatika, na sisi tuliokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hatuna haja ya kuelezwa kwa nini. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na samaki wengi waliobanana ndani yake hawasubiri umeme urudi.

Chakula nacho kinaingia kwenye habari hii ya nani akae na nani. Mbuna wengi wanakula mwani wa kwenye mawe, utumbo wao mrefu, ukiwaweka na samaki wa kula nyama bas unawalisha wote chakula kimoja chenye protini nyingi na mbuna wanavimba tumbo wanakufa. Kwa hiyo mbuna na mbuna. Ukitaka wa Tanganyika wafungulie tangi lao, na kwa mwenye nafasi ndogo wapo wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, hawazidi sana sentimita 4 au 5, ukoo mzima unakaa kwenye tangi dogo lenye mchanga na makombe matupu. Makombe yawe matupu tafadhali, usende pwani ukachukua yenye mdudu hai ndani yake.

Kuhusu pwani hapo hapo, wengi wetu tunapenda kuokota vipande vya matumbawe vilivyokufa tukapambia tangi. Kwa mbuna na moli hakuna tabu, kwa tetra usifanye, jiwe lile linazidi kuyafanya maji magumu.

Sasa michanganyiko ninayoiona madukani kila siku na inaniuma roho. Goldfishi na gapi tangi moja: goldfishi anataka maji ya baridi, digrii 18 mpaka 22 hivi, na hapa wakati wa kaskazi maji ya tangini yanapita 28 bila ya hita yoyote, halafu goldfishi akikua gapi ni chakula tu. Enjelfishi na neoni, wote wa Amazoni ndio, lakini enjelfishi mkubwa anamla neoni, tena huwa usiku unaamka asubuhi unahesabu hawatimii. Beta na gapi dume: beta akiona ule mkia mrefu wa rangi anadhani ni beta mwenzake, anauchana. Oska kanunuliwa urefu wa kidole, atafika sentimita 30. Na pleko, yule wanaemuuza kama mfagiaji wa kioo, nae anapita 30 na kinyesi chake ni kingi kuliko uchafu anaousafisha. Muulize muuzaji samaki huyu akikua anafika wapi, akijibu "hawa hawakui" ondoka dukani. Kanuni yangu ni mdomo, kama mwenzako anaenea mdomoni mwako siku moja utamla, samaki hana urafiki kwenye hilo.

Na kuna mmoja ambae ni wetu kabisa na wengi hapa hatumjui, Nothobranchius guentheri, asili yake ni hapa hapa Unguja, wataalamu walimuandika 1893. Anaishi kwenye vidimbwi vya mvua, dimbwi likikauka wazazi wanakufa na mayai yanabaki kwenye tope yanasubiri mvua. Dume mkia wake mwekundu unawaka. Ulaya watu wanatumiana mayai yake kwenye mboji! Ni mdogo, sentimita 5, usimtie na mbuna hata siku moja, mpe tangi lake, dume mmoja na majike kadhaa mana madume wanapigana.

Ukishachagua, mgeni usimtie siku ile ile, mkae nae kwenye ndoo au tangi la pembeni wiki mbili umuangalie vidoa na mapezi. Halafu siku ya kumuingiza geuza mawe kwanza, hama hama mapango, wenyeji wote wapotee mipaka yao, umtie jioni na taa umezima. Asubuhi tizama pembe ya juu karibu na filta. Akiwepo aliejibanza hapo, mapezi yamechanika na hataki kushuka kula, usisubiri wazoeane, mtoe siku hiyo hiyo.