Dai likipishana na faili, usiguse faili

SWALI: Mimi ni karani wa madai katika kituo cha afya mkoani Morogoro. Kila mwezi bima inatukata kwa sababu huduma tulizodai hazionekani kwenye maelezo ya daktari. Mganga mfawidhi ameniagiza nipitie kila dai na faili lake kabla ya kutuma, na nikikuta pengo nilizibe. Kuna mtaalamu ameniingiza kwenye kundi la WhatsApp, anauza maelezo ya wagonjwa yaliyo tayari kunakiliwa, na anasema wateja wake hawakatwi kabisa. Nianzie wapi? Na hayo maelezo yanafaa?

JIBU: Anza kwa kutoka kwenye kundi hilo, leo.

Maswali ya namna hii hayanipiti wiki, na karibu yote yamebeba dhana moja inayonichosha: kwamba dai na faili vikigombana, faili ndilo la kurekebishwa. Dai ni maneno ya anayedai pesa. Faili ni shahidi wake. Ukimwandikia shahidi cha kusema, kesi huna tena. Kisichoonekana kwenye faili kinatoka kwenye dai, hata kama muuguzi anaapa kwamba sindano aliichoma mwenyewe.

Mlango wa halali upo, lakini ni mwembamba. Aliyemhudumia mgonjwa, na huyo tu, anaweza kuongeza alichosahau, kwa tarehe na saa ya leo, akieleza kwamba anaandika kwa kuchelewa na kwa nini, kisha anasaini. Lililokosewa linapigwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka. Wino mweupe hapana. Kurudisha tarehe nyuma hapana. Na karani kuandika kwa niaba ya daktari ni kughushi, hata kama mfawidhi ndiye aliyekutuma. Wanaotumia mfumo wa kompyuta wasijidanganye: mfumo ulioundwa vizuri unatunza nani aliingia, saa ngapi, na kabla yake paliandikwa nini.

Sasa kazi yenyewe. Funika fomu ya dai. Soma faili kwanza, na kwenye karatasi pembeni andika wewe mwenyewe kilichostahili kudaiwa. Ndipo uifunue fomu ulinganishe. Wengi wanafanya kinyume: wanashika fomu, wanakwenda kwenye faili kutafuta vitu vinavyoiunga mkono, na kwa kuwa wanavitafuta, wanaviona.

Chukua dai la malaria. Kodi, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha ugonjwa, ni B50, dawa ya mseto vidonge 24, dozi kamili ya mtu mzima. Kompyuta itapitisha bila kupepesa macho, maana kodi ipo, dawa inaendana na ugonjwa na idadi ni sahihi. Fungua faili: kipimo cha haraka hakikuonyesha malaria, na daktari aliagiza panadol. Hakuna programu ya kuhakiki kodi itakayokuonyesha hilo kama haisomi majibu ya maabara. Kwa hiyo anayekuuzia programu ya "kumaliza makato", muulize swali hilo moja.

Kwa waliolazwa, usihesabu dawa kutoka kwenye agizo la daktari. Hapa ndipo pesa nyingi zinapokatwa, na mara nyingi hakuna hata aliyekusudia wizi. Daktari anaagiza ceftriaxone gramu moja kwa siku, siku saba. Mgonjwa anapata nafuu, anaruhusiwa siku ya nne. Bili ilishatengenezwa kwa vichupa saba. Hesabu saini za wauguzi kwenye chati ya dawa: zikiwa nne, dai vinne. Vivyo hivyo kipimo kilichoagizwa hakijawa kipimo kilichofanyika mpaka uone majibu kwenye faili au kwenye rejista ya maabara. Angalia pia aliyemwona mgonjwa ni nani. Kama faili lina saini ya tabibu na fomu ina jina la daktari ambaye siku hiyo hakuwa zamu, hakuna maelezo ya kukuokoa.

Na uhakiki si wa kupunguza tu. Utakuta dripu mbili na usafishaji wa kidonda vimeandikwa vizuri kwenye faili, kwenye dai havimo. Bima haitakupigia simu kukukumbusha ulichosahau kudai.

Nirudi kwa huyo muuza maelezo. Wewe unaziona fomu moja moja. Mhakiki wa bima anaziona zimepangwa pamoja za mwezi mzima. "Mgonjwa anajitambua, hana upungufu wa damu, kifua safi" ikijirudia neno kwa neno kwa watu arobaini, hahitaji utaalamu kushtuka. Hasa mmoja wa hao akiwa mtoto aliyelazwa kwa nimonia, na yeye kifua safi! Halafu hawa watu huomba uwatumie picha za mafaili ili "wakusaidie". Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na simu iliyotuma picha hizo ni yako.

Kuna mtu mwingine ambaye katika mazungumzo haya yote ya makato hatajwi. Ukimwandikia mama kisukari ili kipimo kilipwe, kisukari hicho kinabaki kwenye rekodi yake. Atakayempokea usiku akiwa hajitambui ataliamini faili, maana hana kingine cha kuamini.

Kwa hiyo wanaosoma hapa kama wagonjwa, nanyi hili linawahusu. Msisaini fomu ya bima ikiwa tupu, hata mkiambiwa foleni ni ndefu na karani atajaza baadaye. Saini yako inasema umepokea kilichoandikwa juu yake. Soma ugonjwa, vipimo, dawa na idadi yake; hesabu vidonge ulivyoshika mkononi. Kisichoeleweka uliza papo hapo dirishani, na ukijibiwa kwa ukali, chukua kadi yako uende kwa mganga mfawidhi, au ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya katika mkoa wako, kabla hujasaini.