Maswali yenu: Vile vijiti vya nyavu ni mchezo gani?

SWALI: Shikamoo kaka, mie niko Mikindani, juzi kibanda umiza jamaa kabadili chaneli tukakuta watu wanarushiana kimpira kwa vijiti vyenye nyavu, ndani ya ukumbi, wanagongana mabega balaa. Ni nini ile?

JIBU: Marhaba mdogo wangu. Hiyo ni lakrosi ya ndani, na ligi yake ya kulipwa ni National Lacrosse League, timu za Marekani na Kanada, ilianza kuchezwa 1987. Uwanja ni ule wa hoki ya barafu, wanatandika nyasi bandia, ndo maana ukaona kuta pembeni na mpira ukigonga ukuta watu wanaendelea tu. Wachezaji 5 na kipa kila upande, robo 4 za dakika 15, timu ikishika mpira ina sekunde 30 iwe imeshapiga golini. Mi namuonea huruma kipa jamani, mpira wenyewe raba ngumu, unajaa kiganjani kama bibo, ukija kwa kasi lazima avae mapedi mpaka anaziba karibu goli zima! Asili ya lakrosi ni wenyeji wa Amerika Kaskazini, wakiwemo Haudenosaunee, muungano wa makabila ya huko, ambao hadi leo wana timu yao ya taifa.