Maswali ya Wasomaji: Kipakatalishi cha Masomo Kisichomnyima Kijana Mchezo

SWALI: Mpendwa Mhariri, mwanangu ameitwa kusomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, na ameniomba kipakatalishi. Nimetenga shilingi 45,000. Yeye ni mpenzi wa michezo ya kandanda ya kompyuta, wala hakunificha kwamba angependa kuicheza na wenzake wakati wa mapumziko. Katika duka moja hapa Kisumu nilionyeshwa mashine tatu: mpya yenye prosesa ya Celeron na RAM ya GB 4; iliyotumika ng'ambo yenye prosesa ya Core i7-4600U, ambayo muuzaji aliisifu kuliko zote; na nyingine iliyotumika, nzito, iliyotengenezwa mahususi kwa michezo. Nichukue ipi?
Mama wa mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Mama, pokea hongera zangu kwa hatua aliyofikia kijana. Kati ya hizo tatu nisingechukua hata moja, na ni bora nieleze sababu, kwa kuwa ukiingia katika duka la pili utaonyeshwa mashine za namna hiyo hiyo kwa majina mengine.

Hiyo mpya inavutia kwa sababu imo kwenye boksi lake na ina waranti. Hata hivyo, mwanao atahitaji kuchora majengo na barabara kwa programu ya AutoCAD, ambayo watengenezaji wake, Autodesk, wanataka RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea, isiyopungua GB 8. Vipakatalishi vya Celeron vya bei nafuu mara nyingi huwa na RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na hivyo huwezi kuiongeza baadaye hata ukipata fedha. Atalemewa kazini, na mchezoni pia.

Hiyo ya pili ndiyo inayowanasa wazazi wengi. Jina i7 peke yake halitoshi kuonyesha nguvu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Tazama tarakimu zinazofuata kistari. Katika i7-4600U, tarakimu 4 ya mwanzo inaonyesha kwamba prosesa ni ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2013, nayo ina viini viwili tu vya kuchakatia kazi. Prosesa ya i5-8250U, yenye jina linaloonekana dogo, ni ya kizazi cha nane, ilitoka mwaka 2017 na ina viini vinne, kwa hivyo inaiacha nyuma ile i7 katika karibu kila kazi. Tena Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inayotambuliwa rasmi huanzia kizazi cha nane kwa upande wa Intel, isipokuwa prosesa chache za kizazi cha saba. Mtoto anayeanza masomo ya miaka mitano hafai kupewa mashine ambayo tayari imepita wakati wake.

Kuhusu ya tatu, najua ndiyo ambayo kijana mwenyewe angeichagua, na kwa mchezo peke yake angekuwa sahihi, maana ina kadi yake ya grafiki, yaani kifaa maalumu cha kuchora picha za mchezo. Lakini mashine kama hizo huwa na uzito wa kilo mbili na zaidi, chaja zake hula umeme mwingi, na zikichomolewa betri haidumu kwa muda mrefu. Isitoshe, mashine ya michezo iliyotumika huwa imefanya kazi katika joto kali kwa muda mrefu, feni zake zimejaa vumbi na betri yake imechoka. Mwanafunzi anayetoka ukumbi mmoja wa mihadhara kwenda mwingine, ambako huenda asipate soketi karibu na kiti chake, ataichukia kabla ya muhula kwisha.

Badala yake, tafuta mashine za kiofisi zilizotumika ng'ambo, za kizazi cha nane au zaidi, kama vile Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM, na zote ni imara kwa kubebwa kila siku. Kama ningekuwa mimi ninayemnunulia kijana huyu, ningeulizia kwanza HP EliteBook 745 G6 yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 PRO 3500U, kwa sababu grafiki yake ya Vega 8 inaizidi kwa mbali ile UHD 620 ya Intel iliyo ndani ya hizo nyingine, huku masomo yakiendeshwa vizuri vilevile. Si rahisi kuipata kama zile za Intel, lakini inastahili kuulizwa katika maduka mawili matatu kabla ya kukata tamaa.

Yoyote utakayochagua, iwe na diski ya SSD (aina ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 256 au zaidi, na RAM ya GB 16 iliyogawanywa katika vipande viwili vya GB 8. Usikubali kipande kimoja ikiwa unaweza kupata viwili. Grafiki ya mashine hizi haina kumbukumbu yake yenyewe bali huazima kutoka kwenye RAM, na vipande viwili vikifanya kazi pamoja huwa kama barabara iliyoongezwa njia ya pili, hivyo mchezo huenda bila kukwamakwama. Kwa sababu hiyo hiyo, muuzaji akikuambia kwamba mashine ya Intel ina "GB 4 za grafiki", mwombe akuonyeshe kadi yenyewe, kwani mara nyingi hizo ni RAM zilizoazimwa tu.

Sasa kijana aambiwe ukweli mapema. Matoleo mapya ya mchezo wa kandanda wa EA Sports FC, kama lile la 25, yanataka kadi ya grafiki ya kiwango cha GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski, na mashine ninazozitaja hazifikii hapo. Lakini kandanda ya PES 2017 itachezeka, mchezo wa kujenga wa Minecraft utachezeka, na hiyo inatosha kabisa kwa burudani ya jioni na wenzake. Naona ni haki apate burudani hiyo. Asichukue tu michezo iliyoibwa inayosambazwa kwa flashi, kwa kuwa virusi vinavyofuatana nayo humaliza kazi ya darasani. AutoCAD nayo haina haja ya kuibwa: Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa bila malipo kwa mwaka mmoja, na kibali hicho huweza kuhuishwa.

Dukani, Mama, nenda na kijana na msiharakishe. Washeni mashine bila chaja. Fungueni dirisha la amri (Command Prompt), mwandike powercfg /batteryreport, kisha mlinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, ombeni betri nyingine au punguzo. Iwasheni upya mkibonyeza F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad, ili mfungue mipangilio ya ndani ya mashine (BIOS). Ikidai nenosiri msilopewa, iacheni, kwa sababu mashine zilizotoka katika kampuni wakati mwingine huwa bado zimefungwa. Jaribuni kila kitufe cha kibodi, kwani baadhi ya zinazotoka Ulaya zina mpangilio wa Kijerumani au Kifaransa. Dai risiti yenye namba ya mashine.

Fedha itakayobaki nunua kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka, na umsisitizie achomoe chaja mvua ya radi inapoanza, kwa maana Kakamega radi si jambo la mara mojamoja.

SWALI: Nasoma katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Kompyuta yangu ya kizazi cha nane ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka, nayo huchukua muda mrefu kuwaka. Ninunue nyingine?
Msomaji wa Nakuru

JIBU: Hapana, mdogo wangu, usinunue nyingine kwa sasa. Prosesa yako bado inafaa. Kinachokuchelewesha ni diski, na kwa kiasi fulani RAM. Anza na SSD, kwa kuwa tofauti utaiona siku hiyo hiyo, kisha ongeza RAM ifike angalau GB 8 mkopo au posho itakapoingia. Mwombe fundi aifungue mbele yako kwanza ili muone kama kuna nafasi ya RAM iliyo wazi na kama bodi inapokea SSD ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa kwenye bodi yenyewe; isipopokea, ile ya SATA ya inchi 2.5 itaingia mahali pa diski ya sasa. Kabla hajagusa chochote, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, na baada ya kazi umdai diski yako ya zamani.